Vishikio Vilivyopimwa kwa Chaki

Kengele ya baiskeli inalia kwenye uchochoro, na mlinzi wa duka la rangi anasogeza kiti chake bila hata kuinua macho. Anajua ni nani. Mama Vifungo anapita na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu, anasalimia kushoto na kulia, kisha anashuka mbele ya mlango wa buluu wa chumba cha ushonaji anachofanyia kazi na wifi yake.

Anaegemeza baiskeli ukutani. Anakunja vidole, anavikunjua, anavipuliza kidogo. Muda si muda amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, koti zito la kijivu limelala mapajani, na sindano inaingia na kutoka kuzunguka tundu la kifungo. Macho yake yako kwa mwandishi wa makala haya, wala si kwenye koti.

"Usiwe na wasiwasi, sitakuharibia koti la watu," anasema akicheka. "Hapa halifanyi kazi jicho, kinafanya kazi kidole. Kidole kikisikia uzi umekaa, mimi nimemaliza."

Mwaka jana asingeweza kusema hivyo. Mwaka jana kidole cha pete na kile kidogo, mikono yote miwili, vilikuwa vimekufa ganzi, na fundi huyu wa miaka arobaini na saba alikuwa akiiona kazi yake ikimponyoka huku anaitazama.

Jina la Mama Vifungo alipewa na wateja. Matundu ya vifungo siku hizi hutobolewa na kushonwa kwa mashine, tena chapuchapu, lakini yeye kwa makoti na nguo za harusi hataki kusikia habari ya mashine. Anayashona kwa mkono, kama alivyofundishwa na shangazi yake. Mkono wa kulia unasukuma sindano, na vile vidole viwili vya mwisho vinaukaza uzi usilegee. Mkono wa kushoto uko chini ya kitambaa, na vidole vyake ndivyo vinavyoipokea ncha ya sindano na kuirudisha juu.

"Sasa hebu niambie," anasema, "vidole hivi ndivyo walinzi wangu; mlinzi akilala, mwizi si ataingia?"

Baiskeli iliingia maishani mwake bila kualikwa. Jengo walilokuwa wamepanga lilivunjwa, wakahamia chumba hiki upande wa pili wa mji, juu ya mlima. Nauli ikawa inaila faida yote. Mumewe, fundi bomba, akamwachia baiskeli yake kuukuu, akidhani mkewe ataisukuma siku mbili tatu kisha airudishe.

Mwanamke akanogewa! Anasema ile safari ya asubuhi ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayemuuliza chumvi iko wapi wala suruali imekwisha au bado. Anapiga pedali, upepo unampiga usoni, mawazo yanajipanga yenyewe.

"Mume wangu alikuja kuidai baiskeli yake," anakumbuka. "Nikamwambia, baba watoto, baiskeli ipi? Hii ni yangu, wewe uliifuga tu."

Ganzi ilianza kama utani. Alikuwa akifika kazini vidole vinamwasha, anavikung'uta, vinarudi. Baadaye vikawa vinachelewa kurudi. Ikafika mahali saa ya chakula cha mchana inafika, kidole kidogo bado kimelala fofofo.

Siku iliyomtisha ilikuwa ya gauni la harusi. Alikuwa akishona pindo, anapiga soga na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye wanafanya kazi pamoja. Ghafla wifi akamshika mkono. Kwenye kile kitambaa cheupe pee kulikuwa na doa jekundu, na kando yake doa lingine. Mama Vifungo alikuwa amejichoma kidole, tena si mara moja, na hakuwa amesikia chochote.

Mafundi wa zamani wanajua dawa ya hapo: unatafuna kipande cha uzi mweupe mpaka kilowe mate yako mwenyewe, unafuta nacho damu yako mwenyewe, kabla haijakauka. Doa likatoka. Bibi harusi hajui mpaka leo.

"Doa lilitoka kwenye gauni, likaingia moyoni," anasema Mama Vifungo, na kwa mara ya kwanza sindano yake inasimama. "Niliogopa. Nisikufiche, niliogopa sana. Kama sisikii sindano, mimi ni nani humu ndani?"

Akaanza kujificha. Kazi ya mkono akawa anamsukumia wifi yake kwa ubosi wa uongo: wewe shona pindo, mimi nakata, wewe malizia vifungo, mimi nina mgeni. Wifi, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mpaka mtaa wa pili, alimvumilia kwa muda, halafu akamweka kitako.

"Nilimwambia, wifi yangu, tangu lini umekuwa bosi?" anasimulia wifi huyo akiwa kwenye cherehani yake, bila kuinua mguu. "Wewe hata kikombe cha chai hujawahi kunituma. Leo unanituma vifungo? Sema kinachokuuma."

"Nikamjibu shida yenyewe ni kwamba hakiniumi," anadakia Mama Vifungo, na wote wawili wanacheka.

Wakaenda zahanati pamoja. Daktari, kijana mpole, alimbonyeza viganja, akamgusa vidole kimoja kimoja, kisha akamuuliza anasafiri vipi. Aliposikia baiskeli akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba pale chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, unapita mshipa wa fahamu, na usukani ulikuwa ukiukandamiza kila siku kwenda na kurudi. Aupumzishe kwa wiki chache, na akirudi barabarani abadilishe namna anavyoushika usukani. Akipuuza, ganzi inaweza kuhamia moja kwa moja.

Nyumbani mumewe alisikia neno moja tu, kupumzisha. "Iuzwe," akasema. "Mama watoto, baiskeli inanunulika. Mkono haununuliki."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi mkewe. Lakini kuuza baiskeli kulimaanisha kurudi kwenye nauli isiyolipika au kuupanda mlima kwa miguu. Na isitoshe, anakiri, aliipenda. Akaomba apewe nafasi ya kuhangaika kwanza. Wakati mkono unapumzika, akatafuta vishikio vipya vya usukani.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo pengine lingefanywa na fundi nguo peke yake. Alikwenda kuchagua vishikio kama anavyochagua kitambaa. Dukani alivibonyezabonyeza, akavipapasa kwa kidole gumba, akachukua vilivyo laini kuliko vyote, vya sponji. Kama hiyo haitoshi, alipofika kazini akaviongezea pamba na kuvivalisha vipande vya mahameli ya zambarau vilivyobaki kwenye gauni la mteja. Wifi akavishona, akaviwekea na kamba pembeni.

Mtaa mzima ulikuja kuangalia. "Usukani ulikuwa umependeza kuliko sisi wawili," anasema wifi. "Mlinzi wa duka la rangi akauliza kama baiskeli inaolewa."

Mama Vifungo alirudi barabarani kwa mbwembwe. Kabla wiki haijaisha, ganzi ilikuwa imepanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Vile vishikio vilikuwa vinene mno kwa kiganja chake kidogo, kwa hiyo ilimbidi avikabe kwa nguvu ili visimteleze, na mkono ukazama ndani ya pamba mpaka ukaukuta mfupa wa usukani pale pale palipokuwa pakiuma.

Akaenda kwa fundi baiskeli wa kona ya soko, mtu wa makamo anayeitwa Spoku, kama nyaya za gurudumu, kwa wembamba wake. Spoku alipoona mahameli aliweka spana chini, akaenda kucheka nyuma ya kibanda kwa heshima, kisha akarudi.

"Dada yangu, laini siyo raha," alimwambia. "Godoro likiwa laini sana si unaamka mgongo unauma?"

Akamtolea vishikio vingine, vya mpira mgumu kidogo, ambavyo upande wa nje vimepanuka na kuwa bapa, kama bawa, ili kisigino cha kiganja kipate pa kulala. Akavifunga, akavikaza, akamtakia safari njema.

Kesho yake mteja alirudi amefura. Safari hii kiganja kilikuwa na nafuu, ila kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda kama cha mtu aliyebeba sinia. "Umenifungia vibao hapa!" akamwambia. Spoku akasema bawa linazungushwa juu au chini, avumilie tu wataligeuzageuza mpaka asikie raha.

"Nikamuuliza, mpaka nisikie raha ndiyo kiasi gani?" anasimulia Mama Vifungo. "Mimi mteja akiniambia koti linambana, simwambii avumilie. Namvika, napiga alama ya chaki panapobana, navua, nafungua mshono. Nikiwa naongea hivyo mkono umeingia mfukoni, nikakutana na chaki yangu. Nikaitoa."

Akasugua ile chaki ya buluu juu ya vishikio mpaka vikajaa vumbi. Akapanda, Spoku akashikilia siti, naye akavishika kama anavyovishika mlimani. Aliposhuka na kufungua viganja, kila kitu kilikuwa pale. Buluu ilikuwa imejaa nene kwenye kipande kidogo chini ya kidole kidogo, na sehemu nyingine yote ya kiganja ilikuwa safi. Uzito wote wa mwili ulikuwa umeegemea hapo.

Spoku aliushika ule mkono akauangalia kwa muda. Kisha akaangalia baiskeli, na sasa yeye ndiye aliyeona asichokiona mwenzake. Siti ilikuwa imeinama mbele. Kila mara Mama Vifungo alikuwa akiteleza kuelekea usukani na kujizuia kwa mikono, na vishikio hata vingetengenezwa kwa dhahabu visingemsaidia. Akailaza siti sawasawa. Akabadilisha vishikio kwa vingine vyembamba zaidi vya aina ile ile. Akalishusha bawa kidogo, kifundo kikanyooka na mkono. Akasogeza na breki karibu, ili vidole vifupi vizifikie bila kujivuta.

Chaki tena. Panda, shika, shuka, fungua mkono. Buluu ikawa imetambaa kidogo. Wakalegeza, wakageuza kwa kiasi cha unene wa kucha, wakakaza. Chaki tena. Wateja wa Spoku walianza kukusanyika na kutoa ushauri ambao haukuombwa. Mwishoni buluu ilikuwa imesambaa kiganja kizima, nyepesi, kama poda.

"Hapo sasa limekaa," akasema Mama Vifungo, kwa sauti ile ile anayoitumia mteja akijitazama kwenye kioo. Spoku anakiri kwamba tangu siku hiyo ana kipande cha chaki kwenye kisanduku cha spana, na hamfungii mtu vishikio kabla hajamuona viganja.

Vidole havikuamka siku hiyo. Daktari alishamwonya kwamba mshipa wa fahamu hauna haraka na mtu. Mumewe alikubali kusubiri, ingawa jioni alikuwa akimuuliza, "Vipi?" na yeye akijibu, "Bado." Kuna siku alifikiri ndiyo basi tena. Aliendelea kukata, wifi akaendelea kushona vifungo.

Halafu asubuhi moja alikuwa akimshikia wifi pindo la sketi, mkono wa kushoto chini ya kitambaa, sindano ya wifi ikapita.

"Uwiii!" Mama Vifungo akaruka na kigoda kikaanguka. Wifi akaanza kuomba radhi, jamani wifi nisamehe, sikukuona. Mwenzake hakumsikia. Alikuwa amekikodolea macho kidole kidogo na tone la damu juu yake.

"Kimeuma!" akapiga kelele. "Wifi, kimeuma! Nichome tena!"

Walikumbatiana katikati ya vitambaa, wanalia na kucheka. Mlinzi wa duka la rangi alikuja mbio akidhani kuna moto.

Leo vidole vimerudi vyote. Asubuhi za baridi kile kidogo bado kinachelewa, kwa hiyo Mama Vifungo anabadilisha mkao wa mikono njiani na kushuka mara moja kabla ya mlima kuvinyoosha. Mumewe hazungumzii tena kuuza. Ametafuta baiskeli nyingine, na Jumapili iliyopita alionekana kwa Spoku viganja vyote buluu, akidai yeye amekuja tu kujaza upepo.

Kuhusu mipango yake, Mama Vifungo hana mambo makubwa. Anataka kumfundisha wifi yake tundu la kifungo la koti vizuri zaidi, maana katika zile wiki alizomuachia aliona namna anavyokosea na hakuwa na uso wa kumsahihisha. Anataka kuendelea kuja kazini kwa baiskeli. Akiulizwa mpaka lini, anaipitisha sindano, anaukaza uzi kwa vile vidole viwili vya mwisho, anasikiliza kidogo, ndipo anajibu.

"Mpaka mikono izeeke. Ikizeeka nitaikubali, nitaipaka mafuta na kuipakata hapa mapajani. Lakini kuiacha ife mapema kwa sababu ya vishikio vya baiskeli? Thubutu!"