Mti Usiojua Kulala

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, huko Kabare juu ya Bagira, nilipomkuta mama mkwe wangu amesimama shambani na panga mkononi. Nilikuwa bibi-arusi mgeni. Mume wangu alikuwa amepanda matufaha, yale tunayoita pome, kwenye kipande cha mlima tulichopewa na mama yake. Miti ilikua, ikajaa majani, lakini tunda hata moja hatukuliona. Sasa mama alitaka ardhi yake irudie maharagi.

"Bibi-arusi, majani ya pome iko sombe ya muhogo?" aliniuliza. "Nitaipika?"

Nilimwomba atuachie msimu mmoja tu. Mwanangu, nilikuwa na sala tu, na habari za mwanamke mmoja, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, aliyekuwa akifanya utafiti wa matunda ya milimani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikamwendea.

Akapanda mlima hadi kwetu kwa miguu, buti zimejaa matope, akashika tawi, akacheka kidogo.

"Maman, hii muti haiko mugumba. Iko na usingizi. Kwao kuko baridi kali: majani inaanguka, inalala, ikiamuka inatoa maua. Baridi ya huku inatosha sisi, yeye haimutoshi. Tuichune majani yote, itazani imelala."

Nikarukia tawi la kwanza, nikitaka tuchune shamba zima siku ileile. Akanishika mkono.

"Apana, maman. Huu mustari tunachuna, ule tunaacha. Tukichuna yote na maua ikatoka, utajua aje kama iko mukono yako ao iko mvua?"

Nikatii. Majani tukayatia kwenye shimo la mbolea. Majirani waliopita njiani wakapiga kelele: "Ye bibi-arusi anavula miti manguo!" Mama mkwe hakucheka. Alikuwa akinoa panga.

Majuma machache baadaye nikapanda mlimani peke yangu. Mstari uliochunwa ulikuwa mweupe, na rangi ya waridi kidogo ndani ya ule weupe, maua mpaka kwenye vitawi vyembamba kama kidole cha mtoto mchanga. Nyuki walikuwa wameshafika. Mstari wa pili ulisimama kijani, kimya. Nilipiga magoti kwenye umande. Katekisimu nilifundishwa tangu utoto, lakini siku ile ndipo nilipotetemeka kweli: mti una saa yake ndani, na Muumba ameruhusu vidole vyetu viiguse!

Mama mkwe akaja nyuma yangu. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akaegemeza panga kwenye jiwe, akauendea ule mstari wa kijani, akaanza kuchuna majani.

"Na hizi?" akasema bila kugeuka. "Zitalala siku gani?"

Mwanangu, mvumilivu hula mbivu, nami nimezila. Lakini anayengoja bila kuuliza hungoja bure. Kitu kisipozaa mikononi mwako, usikimbilie kukikata; tafuta kwanza kwao ni wapi, na huku kwetu kinakosa nini. Jaribu upande mmoja, acha mwingine ukushuhudie, waache wanaocheka wacheke. Na ukweli ukichanua mbele yako usijisifu. Shukuru.

Mungu anayeficha maua ndani ya mti mkavu akupe macho ya kumwona akifanya kazi, na watoto wako wale matunda ya mlima huu. Amina.