Mnyambuliko wa Tatu

Kidato cha tano nilikisoma Kasulu, katika mchepuo wa hisabati ambao wasichana tulikuwa watatu tu. Kunyambua mara moja nilikuelewa mapema: unajua gari limefika wapi kila dakika, unanyambua, unapata mwendo wake. Kilichonishinda ni kunyambua tena kile ulichokwisha kunyambua. Mwalimu wetu, aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, aliweka kialama cha pili juu ya herufi ileile, kisha cha tatu. Hesabu zangu zilitoka sahihi, nami sikujua zinasema nini. Nilimuuliza mnyambuliko wa tatu una kazi gani duniani. Akasema tutaufikia. Akapata uhamisho kabla hatujaufikia.

Aliyenifundisha ni baba. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba, na kazi yake kuendesha gari la wagonjwa pale Kibondo. Likizo ya Desemba alinikuta nimekaa na daftari karibu na gari alilokuwa ameliosha, akataka kujua vile vialama vitatu ni vya nini. Nikamweleza nilivyoweza. Alifikiri kidogo, akafungua mlango wa nyuma na kuniambia nilale kwenye machela.

Tulizunguka uwanja wa mpira. Kwanza alikwenda mwendo uleule, akauliza nasikia nini. Sikusikia kitu. Halafu akakanyaga mafuta taratibu, bila kuachia. Mwili wangu ukasukumwa kuelekea miguuni, lakini kwa nguvu ileile, na baada ya muda nikauzoea msukumo huo. Mwisho akaanza kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, mpaka nikashika vyuma vya machela kwa mikono miwili.

Aliposimama aligeuka. "Mwendo haumuumizi mgonjwa," alisema. "Hata kuongeza mwendo hakumuumizi, ukiongeza sawasawa. Kinachomuumiza ni kubadilisha ghafla namna unavyoongeza. Na breki ni vilevile."

Nikaelewa palepale. Wa kwanza ni mwendo. Wa pili ni jinsi mwendo unavyobadilika. Wa tatu ni jinsi badiliko lenyewe linavyobadilika, na huo ndio mwili unausikia kama mshtuko. Baba alikuwa ameusimamia kwa mguu wake wa kulia miaka yote ile, bila kujua kwamba una jina.

Nilimaliza kidato cha sita na kurudi nyumbani kusubiri matokeo. Ndipo mama, akitoka mnadani Kakonko na gunia la maharage, alipoanguka kwenye bodaboda. Nyonga ilivunjika, na daktari alisema damu inavuja ndani; apelekwe Kasulu kupasuliwa, na asicheleweshwe. Dereva mwingine alikuwa amekwenda Kigoma na mgonjwa. Baba akachukua ufunguo mwenyewe.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Lami ilikuwa haijafika huko, na mvua za wiki ile zilikuwa zimeichimba barabara. Mimi na muuguzi tulikaa nyuma, nimeshika mkono wa mama. Baba alianza kwa kasi ambayo sikuwahi kumwona nayo. Kila shimo mama alilia, sauti ambayo hata sasa siwezi kuieleza. Kisha akanivuta karibu.

"Mwambie baba yako buhoro buhoro," alisema kwa Kiha. Polepole.

Niligonga kidirisha nikamwambia. Gari likapunguza mwendo, likaanza kuyapita mashimo moja moja. Mama akanyamaza. Muuguzi alitazama saa yake, akatazama dripu. Mimi nilidhani nimemsaidia mama.

Tulipokwisha kuipita Nyakitonto na kuukaribia mji wa Kasulu, mkono wake ulilegea. Muuguzi alimpima shingoni, akapima tena, akanitazama na kutikisa kichwa. Hakuna aliyegonga kidirisha. Baba aliendesha dakika nyingine kumi hivi akidhani anambeba mgonjwa, na alipofika hospitalini alisimamisha gari kwa ulaini kiasi kwamba sikujua limesimama. Alifungua mlango wa nyuma akiwa tayari amenyoosha mikono kupokea machela.

Wiki chache baada ya maziko aliniita ukumbini. Alikuwa na karatasi na kalamu.

"Wewe unajua hesabu," alisema. "Ningekwenda vile nilivyoanza, ningefika mapema kwa muda gani?"

Nilipiga hesabu mbele yake. Nilijua tulipoondoka, tulipopunguza mwendo, tulipofika. Jibu lilikuwa dakika thelathini na tano. Daktari wa Kasulu alishatuambia kwamba kwa jeraha lile hakuna ambaye angeahidi kitu hata kama tungewahi, na hesabu yangu haikuweza kusema zaidi ya hapo. Ilisema tu kwamba angefika anapumua.

"Dakika tano," nilimwambia.

Alikunja karatasi bila kuisoma. Barabara ile aliijua kuliko mimi. Akauliza kama mama alilia tena baada ya mimi kugonga kidirisha. Nikasema hakulia tena, na hilo lilikuwa kweli. Akafunika uso kwa viganja vyake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia akilia.

Aliacha udereva mwezi ule. Sasa anaishi Heru Juu kwenye shamba la ukoo, analima muhogo na maharage. Mimi nafundisha hisabati hapa Kasulu mjini. Jumapili iliyopita nilikwenda kwake nikiwa nimeamua kumwambia ile thelathini na tano, na kwamba aliyetuchelewesha ni mimi niliyegonga kidirisha, si yeye. Nilimkuta anapalilia. Aliniuliza kama nimekula, akanionyesha mstari ambao haujaguswa. Nikavua viatu, nikapalilia pamoja naye mpaka saa sita, kisha nikarudi mjini sijamwambia.