Ngoma Juu ya Nguzo za Pontien

Pontien hakuja Durban kuwa msanii. Alitoka Burundi na msumeno na randa, akaanza na vitanda vya wanafunzi wa Glenwood. Ukimlilia bei, atakusikiliza mpaka mwisho, atatikisa kichwa kukubali, halafu atakupunguzia mbao. Ndivyo alivyodumu mjini.

Mwaka jana kanisa la Warundi kule Berea lilimpa kazi ya baraza la mbele. Mzee Josias, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alitaka nguzo za plasta, nyeupe, zenye michirizi, kama za ukumbi wa harusi.

Wakati huo Pontien alikuwa akikarabati baraza la Mama Ilinca, mjane wa Kirumania. Nguzo zake za mbao zilichongwa zikasokotwa kama kamba. Pontien akamuuliza mbona si kama za majumba mengine ya Kizungu.

"Hayo tulikuwa nayo," alisema Ilinca. "Kila tajiri wa Bukareshti alitaka nyumba ya Kifaransa. Wasanifu wetu walisomea Paris, wakarudi, baadhi yao wakachoka kunakili. Wakaenda kutazama monasteri za zamani na nyumba za wakulima. Baraza, nguzo za kamba, paa lililotokeza nje. Wakavitia kwenye shule na majumba ya serikali."

"Watu hawakuwacheka?"

"Waliwacheka. Sasa nitajie jina la mmoja aliyecheka."

Pontien alirudi karakana akijiuliza Warundi walikuwa na nini kabla ya plasta. Jibu halikumsumbua: ngoma. Akachonga nguzo nne za mti mgumu, kila moja imesimama juu ya ngoma ya mbao, mdomo mpana, kitako chembamba, na vigingi vya kuwambia ngozi pembeni. Akazisimamisha barazani kabla ya kupandisha boriti.

Josias akaja Jumamosi.

"Fundi, hivi nini?"

"Nguzo, mzee."

"Mimi naona vinu."

Akina mama waliokuwa wakifagia wakacheka.

"Nilikuagiza nguzo za Kizungu."

"Wazungu wenyewe walizichoka. Muulize Mama Ilinca."

"Eish. Mzungu anakuambia uache Uzungu, na wewe unamtii?"

"Hajaniambia nichonge kamba zake. Nimechonga cha kwetu."

"Zitoe. La sivyo Jumatatu naleta mtu wa plasta, na kazi unapoteza."

"Mlete. Mkono uliozichonga hauzing'oi."

Josias hakuondoka. Ujanani alikuwa mpiga ngoma Gitega. Alizunguka nguzo ya kwanza, akainama, akagusa vigingi kimoja kimoja. Alipoinuka sauti ilikuwa nyingine, tena kali zaidi.

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Ngozi."

"Na huko Ngozi ngoma iko chini ya miguu? Tukiingia uwanjani ngoma iko kichwani. Mtu anaibeba, hasimami juu yake. Hapa watoto watapangusia viatu."

Anayejua kupatana bei anajua pia lipi la kuachia na lipi la kushikilia. Pontien hakuziachia nguzo. Alichukua nyundo ya mbao, akazilaza chini. Ngoma zilikuwa vipande vya peke yavyo, vimechomekwa kwenye nguzo kwa ulimi wa mbao. Akazing'oa, akazihamishia juu. Kitako chembamba kikakaa kwenye kichwa cha nguzo, mdomo mpana ukangoja boriti.

"Sasa?" aliuliza.

Josias alirudi nyuma hatua mbili. "Sasa ni watu wanne wanaingia uwanjani."

"Na plasta?"

"Niliahidi kamati."

"Ahadi ni yako, mzee. Mimi napandisha boriti."

Jumatatu mtu wa plasta alifika na kalibu zake za kumiminia nguzo. Boriti zilikuwa juu tayari, Pontien yuko kwenye ngazi anagonga, na Josias amesimama kati ya nguzo mbili, mikono nyuma.

"Hapa nafasi zimejaa," Josias akamwambia yule wa plasta. "Jaribu hoteli za South Beach."

Yule bwana alishusha bei papo hapo, akashusha tena akielekea getini. Josias hakugeuka. Alikuwa akimwonyesha Pontien kigingi kilichokaa upande.