Mdoli Niliyemshona kwa Kitenge cha Mama Furaha

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilikaa uwanjani bega kwa bega na mwanamke aliyekuwa akinilisha, nikamtazama akipiga makofi kwa furaha wala hajui kwamba anayechekwa ni yeye. Mimi nilijua. Tulia bibi yako nikusimulie, Rehema, maana juzi ulipoingia hapa mtaani kwetu La Rochelle umevaa fulana yenye picha ya yule mdoli wa timu ya chuo chenu, ukaniambia Ijumaa baraza lenu la wanafunzi litapiga kura mdoli aondolewe au abaki, nilikujibu kwa mkato kwamba kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kikiniuma. Nilikuwa naona haya.

Ukaongeza, kwa hicho Kiingereza chako, kwani Kiswahili unakisikia ila mdomoni hakitoki, kwamba wewe mkono wako utaunyoosha abaki. Ukasema ni mambo ya kuchangamsha mchezo tu, tena ya tangu zamani, na hakuna aliyeumia. Basi nyamaza kidogo, uweke hiyo simu chini.

Nilikuja mji huu kutoka Tanga nikiwa na umri kama wako, nina hamu moja tu, kujifunza kukata na kushona nguo za kuuzwa madukani. Baba alijikamua akapata ada. Masikini, hatukujua kwamba huku kuna ada ya mwenyeji na ada ya mgeni, na ya mgeni inaipita ya mwenyeji mara mbili na ushei. Nilipofika dirishani nikasomewa hesabu, zile pesa za baba zikawa za muhula mmoja. Kilikuwepo chuo kingine upande wa pili wa mji ambacho wageni na wenyeji walilipa sawasawa, lakini hakikufundisha ushonaji. Nikabaki nilipo, chuo hichohicho unachosoma wewe sasa, nikijua nikishindwa kulipa ninarudi Tanga mikono mitupu.

Mama Furaha alinikuta nimekaa ngazini katika ghorofa moja la mtaa wa Hillbrow, nalia. Alikuwa Mkongo wa Uvira, msusi, akisuka wateja kando ya barabara, na kila asubuhi alibeba nywele zake za kuuza na vitana vyake katika lile begi la plastiki la mirabaraba, lile tunaloliita shangazi kaja. Hakuniuliza kabila wala dini. Alitundika pazia katikati ya chumba chake, akasema, "Huku yako, huku yangu na Furaha. Chakula ni ya wote." Furaha ni mwanawe wa kiume, kijana mrefu mpole, naye alikuwa akisoma kule chuo cha pili na kuwachezea mpira, beki.

Na alivyokuwa anapendeza yule mama, we acha tu. Kitenge kila siku ya Mungu, na kilemba kikubwa chenye ncha mbili zimesimama. Akipita Hillbrow watu wanampisha. Mimi kanga zangu za Tanga nilizificha sandukuni, nikavaa suruali ili nisijulikane kuwa mgeni, yeye akawa ananicheka. "Minajificha nani?" aliniambia. "Mungu alishaniona."

Sasa vyuo vyetu viwili vilikuwa mahasimu wa mpira. Kila mwaka walikutana, na kila mwaka wenzetu walitufunga, kwa kuwa kwao Wakongo walikuwa wamejaa na mpira walikuwa wanaujua. Wanafunzi wa kwetu wakiwaona huwaita kwerekwere, lile neno la kuwabeza wageni, nami nikilisikia natazama pembeni. Siku moja mwalimu wa michezo aliingia darasani kwetu. Akasema anataka mdoli mkubwa, mtu aingie ndani acheze pembeni ya uwanja, wa kuwatania wale wa upande wa pili. Mdoli wa mama mgeni, mnene, na begi lake. Atakayemshona, alisema, yeye ataongea na ofisi atozwe ada ya mwenyeji, muda wote ambao mdoli atakuwa anacheza. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kusema.

Mwanangu, sitakwambia nilidanganyika. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Furaha nina kazi ya chuo, nahitaji kitenge. Akanipa kile alichotoka nacho Uvira, chekundu chenye majani ya njano. Nikamwomba nimpime. Akasimama katikati ya chumba kanyoosha mikono, anacheka huku nikizungusha futi kiunoni. "Pima muzuri," alisema, "hapa iko nyama mingi." Nikapima vizuri. Kisha nikakata sponji, makalio nikayafanya mara mbili ya yake, na kilemba nikakifunga vilevile alivyonifundisha yeye mwenyewe. Na lile begi, kitako chake nilikishona kwa uzi mmoja tu, ukivutwa kinafunguka chote. Hilo mwalimu hakuniagiza. Ni akili yangu mwenyewe, na nilijisifu kwayo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yule mama alikuwa na mimi nguoni mwake na hakujua.

Siku ya mchezo alikuja kumtazama Furaha. Alikuja kukaa nami, upande wetu, na nilipomwambia atakaa na wapinzani akasema mama hana timu. Mdoli alipotoka, uwanja ulilipuka kwa vicheko. Mama Furaha alisimama. Aligeukia watu waliokuwa nyuma yetu, watu wasiomjua, akawaambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba kile ni kitenge chake, na aliyeshona ni mtoto wake huyu hapa. Akapiga makofi. "Ona," aliniambia, "umenitengeneza mie."

Mdoli akacheza, akatikisa makalio, akajiangusha. Kisha akatokea mwanafunzi aliyevalia kipolisi, akalivuta begi. Uzi ukakatika kama nilivyokusudia. Zikamwagika takataka, maganda ya ndizi, chupa, nywele kuukuu. Uwanja mzima ukaimba arudi kwao. MaBegi, arudi kwao. Ndilo jina walilombatiza.

Nikaona mikono ya Mama Furaha imesimama hewani, haikukutana tena. Alitazama uwanjani, akanitazama mimi.

"Mutoto," aliuliza polepole, "ile kitu ndo mimi?"

Nikamjibu, "Ni utani tu, Mama."

Hakuondoka. Mwanawe alikuwa anacheza, na yeye alikuja kumtazama mwanawe, basi alikaa mpaka kipenga cha mwisho na kile kitenge chake kinavutwavutwa mbele ya macho yake. Jioni alipika, akanipakulia kama kawaida. Nilipomaliza kula ndipo aliposema, "Ile kitu ufumue. Minakuomba tu."

Nikasema nitafumua. Sikufumua. Kila nikitaka kwenda naikumbuka ile ada, namkumbuka baba, najisemea ngoja muhula uishe. Kila Jumamosi MaBegi akatoka akacheza, nami kila jioni nikala wali na maharage ya Mama Furaha. Fadhila ya punda, mwanangu, unajua ni nini. Mimi ndiye nilikuwa punda.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mchezo ule haukubaki uwanjani. Siku moja Mama Furaha alikuwa amesimama kwenye robot akisubiri taa ziruhusu avuke, vijana wakamzingira wakiimba lile jina. Wakalivuta begi lake wakalipasua. Nywele zake za kuuza, mtaji wake wote, zikaenda kwenye maji machafu ya mtaroni, na watu waliokuwa wakipita wakacheka kwa sababu mchezo wanaujua. Alirudi nyumbani ameloa. Alikaa chini, akaziosha zile nywele kwenye beseni moja baada ya nyingine. Asubuhi yake alitoka amevaa suruali na kofia ya sufu. Vitenge vyake alivikunja vyote akaviweka chini kabisa ya sanduku.

Nilikwenda kwa Bi Zainabu nikitafuta wa kuniliwaza. Bi Zainabu alikuwa mama wa kwetu Tanga, mwoshaji wa maiti wa kike wa Kiislamu hapa mjini, Mola amrehemu, hana simile hata kidogo. Nikamweleza nikitetea upande wangu. Nikasema hata nyumbani si tunataniana, sisi Wazigua na watani wetu Wanyamwezi, tunaambiana maneno makali kuliko haya na hakuna anayenuna.

Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Mnyamwezi wako akifa, unafanya nini?"

"Nakwenda msibani," nikasema. "Nafagia, nachota maji, nawachekesha wafiwa mpaka wale."

"Na hao wanaoimba MaBegi, huyo mama akifa leo, nani kati yao atakwenda kufagia kwake?"

Nikainuka niondoke.

"Basi usinichafulie utani wetu," alisema. "Mtani ni yule anayekutukana leo na kesho akakuchimbia kaburi. Huyo wako si utani. Ni tusi, na wewe umelipwa kulitukana kwa mdomo wa mwingine. Toka hapa ukafumue."

Nikatoka, nikachukua mkasi, nikaenda chuoni moja kwa moja. Nikamfumua yule mdoli mshono kwa mshono mbele ya mwalimu wa michezo. Nilipomaliza akafungua kabati, akanionyesha mwingine. Alikuwa ameshampeleka wa kwangu kwa fundi, akatoa vipimo vyote, makalio yale, kilemba kile, begi la uzi mmoja. Kitenge kipya kilitoka dukani, hicho cha kijani unachokiona kwenye fulana yako. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba ofisi sasa itanitoza ada ya mgeni. Sikumaliza ule mwaka. Usinionee huruma, ada haikuwa haki yangu tangu mwanzo, na ushonaji nilijifunza mbele kwa mbele kama unavyoniona. Ninachokuambia ni kwamba ningefumua ile jioni niliyoombwa, kusingekuwa na cha kunakili. Nilichelewa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nilimwambia Mama Furaha nimefumua, na kwamba wameshona mwingine. Akanishika mkono. "Nimekusamehe, mutoto wangu," alisema, "tena kitambo. Lakini kitenge, hapana. Sitavaa tena." Nikadhani ni hasira, zitapita. Harusi ya Furaha ilipofika nilimshonea kitenge kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona, nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili akanishukuru. Siku ya harusi alikuja na suruali.

Wewe unamjua, Rehema. Ni yule bibi wa nyumba ya kona, ambaye nyinyi watoto mnamwita Mzee Suruali, mnacheka eti hata kanisani anakwenda na kofia ya sufu. Wewe mwenyewe umecheka mbele yangu, nami nikanyamaza, ndiyo aibu yangu ya pili. Nimesamehewa miaka mingi iliyopita, na kila nikikutana naye kwenye kiduka cha spaza akinunua mkate, ananiita mutoto wangu. Msamaha umenifaa mimi. Yeye haukumrudishia kitu.

Basi sikiliza, na hili ulishike. Utani una wenyewe. Ukitaka kumcheka mtu, jiulize kwanza kama ungekaa msibani kwake, na kama huwezi, funga mdomo. Ukipewa nafuu, iwe ya ada au ya kazi, angalia inalipwa na mgongo wa nani, kwa kuwa nafuu ya mtu mmoja mara nyingi kuna mwingine anaitolea jasho. Na ukiombwa na uliyemwumiza, tengeneza siku ileile. Usingoje muhula uishe. Nasi tusijidanganye, mwanangu, wewe na mimi hapa ni wageni vilevile, hata kama umezaliwa hapahapa na Kizulu chako kimenyooka. Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Sikulazimishi mkono. Mkono ni wako. Lakini Ijumaa watasimama waseme ni mambo ya zamani, hakuna anayejua mdoli alitoka wapi, na hakuna aliyeumia. Wakisema hivyo, simama. Waambie aliyeumia yupo, anakaa La Rochelle nyumba ya kona, ana jina lake, Mama Furaha. Na wakikuuliza nani alimwumiza, usinifiche. Sema, "Ni bibi yangu."

Mola akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wengi. Akujaalie elimu usiyoinunua kwa heshima ya mtu, na popote utakapofika ugenini, akukutanishe na wa kukutundikia pazia. Nenda, mwanangu. Amina.