Ugali wa Kupimia Kengele

Mafuta ya taa yakinywewa na kutu yana harufu yake, si ile ya taa wala ile ya jiko. Ni nzito na hukaa kooni, nami naipenda, jambo ambalo mama alisema ni dalili ya kichwa kibovu. Juzi fundi alikuja kufungua pampu iliyoganda nyuma ya nyumba yangu. Ile harufu ikanipata nimeshika sufuria, nikasimama pale pale mpaka mboga ikaungua. Nilikuwa tena na miaka tisa, nimechuchumaa ndani ya mashua kuukuu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, namwangalia baba akiipapasa injini iliyokufa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kusaga kule Mbinga, na dada yake, shangazi Apolonia, alikuwa ameolewa ziwani, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka kwetu milimani. Shangazi alikuwa na mimba ya miezi minane. Watoto wawili wa kabla ya huyo walikufa, maana hospitali ya misheni ilikuwa mbali upande wa kusini na njia yake ni mawe matupu. Safari hii mkunga alikataza asitembee wala asibebwe kwa machela. Kwa mtumbwi pia haikuwezekana, kwani majira yale mwera huvuma kutoka huko huko kusini na kuwarudisha wapiga kasia walikotoka.

Mumewe, Wilson, akakumbuka mashua ya injini iliyoachwa na mfanyabiashara mmoja kabla sijazaliwa. Akaomba apewe, akapewa, akamwita baba aje aifufue. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mama alikuwa amechoshwa na maswali yangu, akasema heri nikayamalizie njiani.

Injini haikuwa na jina. Kibao cha shaba chenye maandishi kilikuwa kimebanduliwa zamani, pengine kikawa bangili ya mtu. Wilson alikuwa amesumbuka wiki nzima akitafuta plagi, kama zile za lori aliloliona kule Kitai likitengenezwa. Baba alikwangua rangi kwa kisu, bluu, kisha nyekundu, kisha kijivu. Akaifikia sehemu moja ya kichwani yenye umbo la kibuyu, akaizungushia vidole kwa muda mrefu.

"Shemeji, usijisumbue. Hii haina plagi," akasema. "Kibuyu hiki unakichoma kwa moto mpaka kiwe chekundu, halafu mafuta yakiingia yanawaka yenyewe. Ni za zamani hizi. Mimi nilifundishwa kazi kwenye moja."

Nikauliza ni nani aliyewaza kwanza kuichoma injini ili iende. Baba akanipa kitambaa nisugue bomba la maji. Maswali yangu mengi aliyajibu hivyo.

Pistoni ilikuwa imeshikana na kutu. Tuliimiminia mafuta ya taa asubuhi na jioni, siku tatu, naye akiigonga kwa kipande cha mti mgumu, polepole, kama mtu anayebisha hodi ukweni. Siku ya nne ikasogea kidogo sana, upana wa ukucha. Nilitaka kushangilia, lakini nilimwona baba ameshika ncha ya shafti, ule mhimili unaozungushwa na injini, uso umemshuka. Gurudumu halikuwepo, lile zito la chuma ambalo likishazunguka huivusha injini pale inapotaka kusimama. Wilson hakuwahi kuliona, wala wavuvi.

Mchana ule tulikula ugali wa muhogo kwa usipa, vile vidagaa vya ziwani. Baba hakula. Alikanda donge la ugali, akalisokomeza kwenye ncha ya shafti, kisha akalichomoa taratibu. Ndani yake likabaki tundu lenye upana wa shafti, pamoja na alama ya kabari ndogo inayolishika gurudumu.

"Skola, mama, nenda katafute tundu kama hili," akaniambia. "Na usilile."

Nililianika mpaka likakauka, kisha nikaingia nalo kila ua. Nililipima kwenye mawe ya kusagia, kwenye majembe, kwenye mtungi uliotoboka. Kuku mmoja alilidonoa, nikamfukuza kijiji kizima. Mwishowe nikafika kanisani, kwenye kengele. Niliisikia kila alfajiri bila kuitazama. Ilikuwa duara la chuma nene, limetundikwa kwa mnyororo kwenye mti wa kukingama, na katikati yake palikuwa na tundu. Nikapanda juu ya jiwe, nikapima. Upana ulikuwa ule ule, na mfereji wa kabari ulikuwa mahali pake.

Baba alipokwenda kuiomba, watu walijaa. Wengi walinung'unika kwamba kilichotolewa kwa Mungu hakirudishwi. Katekista, Mzee Augustino, ndiye aliyekuwa akiipiga miaka yote hiyo, nami nilijiweka mbele nisikie ugomvi vizuri.

"Shikamoo, mzee," baba akasema, akaeleza haja yake.

"Marahaba. Ni kwa ajili ya Apolonia?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee Augustino akapanda mwenyewe kufungua mnyororo. Mama mmoja akauliza Jumapili wataitwaje. Akajibu, "Nitapita nyumba kwa nyumba. Miguu ninayo."

Nilivunjika moyo, nakiri. Nilimwona mzee dhaifu, wa kuombwa mara moja tu akatoa kila kitu.

Gurudumu likaingia bila kulazimishwa. Baba akawasha taa ya kuchomea bati, akakichoma kile kibuyu mpaka kikawa chekundu, akalitikisa gurudumu mbele na nyuma. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikanyamaza, kisha ikaanza: tu, tu, tu. Shangazi akapakiwa juu ya mkeka. Baba akaketi karibu naye, mkono mmoja kwenye injini, wakaondoka kuukabili mwera. Baada ya wiki tatu walirudi na mtoto wa kiume anayelia kuliko injini yenyewe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mimba yangu ya kwanza, shangazi alinieleza jambo ambalo sikuwa nimeuliza, pamoja na maswali yangu yote. Kijijini kwao mtu akizikwa, kengele ilipigwa mara moja kwa kila mwaka aliouishi. Watoto wake wawili hawakuishi hata siku. Mara zote mbili Mzee Augustino alitoka na nyundo yake, akasimama chini ya kengele mpaka kaburi likafukiwa, hana hesabu ya kupiga.