Breki za Dezire kwenye Mteremko wa Nyakiriba

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mimi nilikuwepo, na kiganja changu cha kulia ni shahidi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa Gisenyi, Rwanda, bila kazi, nikishinda gereji kwa sababu napenda kujua kila chuma kinafanya nini. Ndipo Dezire, kijana wa kitajiri wa pale mjini, akarudi kutoka Ulaya na kigari chekundu cha milango miwili. Alikisifu kama bibi harusi: eti kiwanda chenyewe kimekifunga springi ngumu, breki kubwa na bawa nyuma, eti kinaweza kuingia mashindanoni bila fundi kugusa hata nati. Bawa! Kuku naye analo, amewahi kuruka hadi wapi?

Mafundi wakamcheka. Akaapa kuteremka kutoka Nyakiriba hadi mjini kwa mwendo wa mashindano, nami nikae pembeni nishike saa. Nilikubali. Ujinga si wa matajiri peke yao.

Katikati ya mteremko moshi ukatoka magurudumuni. Dezire akasimama kwenye kona, akisema anataka kukojoa. Mwongo. Ilikuwa jioni, ukungu mzito, na diski za breki zilikuwa nyekundu kama makaa.

Akatokea mzee mwenye koti la mvua. Hakusalimia. Alichuchumaa, akapitisha mkono gurudumuni na kuweka kiganja juu ya diski. Nilisubiri harufu ya nyama. Haikuja.

"Mutoto yangu," akamwambia Dezire, akimaanisha breki, "feri imechemka. Ngoja ipoe."

"We muzee wa viazi, unajua nini? Hii voiture iko na feri ya course, toka usine!" Yaani gari lina breki za mashindano, kutoka kiwandani.

"Na usine ilisha ona Nyakiriba?"

Nilishuka, nikamwomba mzee anionyeshe kiganja. Akanipa mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la ziwani, bila hata lengelenge.

"Panda, ama baki na babu yako!" Dezire akafoka.

Nikabaki. Si kwa hekima. Nilitaka kuuona ule mkono vizuri. Gari likaondoka. Nilipotazama tena, nilikuwa nimeshika ukungu. Kisha, huko chini, honi ndefu, na kishindo cha bati migombani.

Mwanamke anayeuza karoti kwenye kona ile hakushangaa niliposimulia. "Huyo? Alikuwaka dereva wa kamiyo kubwa ya mizigo. Feri ilimukatalia hapa hapa, akakufa. Anasimamishaka wote. Wenye kusikia ni wachache."

Dezire alivunjika nyonga. Mpaka leo anachechemea mjini akisema barabara ndiyo mbovu, gari halina kosa. Laiti kiburi nacho kingekuwa na mfupa, kingevunjika pia!

Nami? Kiganja kilichoshikwa na mzee hakijasikia moto tangu siku ile. Nimeshika sufuria jikoni nikajua kwa harufu tu kwamba naungua. Kwa hiyo mtu akikualika kwenye gari lake la mashindano kutoka kiwandani, muulize limeteremka mlima gani. Akianza kukutajia vipuri, shuka.