Vikombe Vinne vya Unga

Kemia naijua, sijidai. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipopangiwa kufundisha kidato cha tano Nachingwea, wenzangu walinionea huruma. Mimi nikafunga mabegi nikiimba. Darasani msichana alikuwa mmoja tu, binti wa mkulima wa korosho wa Lionja, na huyo mmoja akataka kuhamia masomo ya sanaa. Ijumaa baba yake angekuja kwa mkuu wa shule kukamilisha uhamisho.

"Madamu, kaboni ina obitali moja ya duara na tatu ndefu," aliniambia, akimaanisha vyumba vya elektroni za nje za kaboni. "Sasa kwenye methani bondi nne zote zinalinganaje? Wenzangu wanakariri. Mimi nisichokiona hakiingii."

Loo! Swali hilo ndilo kemia yenyewe, halafu mwenye nalo ndiye aondoke? Thubutu!

Ijumaa nikaingia na beseni. Darasa likaangua kicheko: "Leo madamu anatusongea ugali!" Chekeni, nikawaambia. Nikamimina kikombe kimoja cha unga wa mahindi, hiyo obitali ya duara, na vitatu vya muhogo, hizo ndefu. Nikachanganya, nikapima upya. Vikombe vinne, vyote sawasawa, hakuna cha mahindi wala cha muhogo. Kila obitali mpya inaelekea upande wake, mbali na nyingine, na haidrojeni inaijia na wingu lake la elektroni. Mawingu mawili yanapoingiliana, hapo ndipo bondi ilipo.

Binti akainuka.

"Na ethini, madamu? Ile ya bondi mbili kati ya kaboni na kaboni?"

"Njoo wewe utuoneshe."

Akapima unga mpya, lakini safari hii akachanganya mahindi na vikombe viwili tu vya muhogo. Cha tatu akakisogeza pembeni.

"Hiki tusikichanganye. Hizi obitali tatu zilizochanganyika zinashika kaboni ya jirani na haidrojeni mbili. Hii iliyobaki inasimama wima, inaingiliana na ya jirani ubavu kwa ubavu. Bondi ya pili ndiyo hiyo!"

Sikuwa nimewafundisha hilo bado. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Mara baba yake akabisha hodi mlangoni. "Mwanangu, mkuu anatusubiri."

Binti akamgeukia, mikono myeupe kwa unga.

"Shikamoo, baba. Naomba urudi tu nyumbani. Mimi nasoma kemia."